Samaki wa aina moja wanaumizana tangini: niongeze wengine au nipunguze?

SWALI

Habari ya kazi, mtaalamu. Nimefuga samaki wa Ziwa Malawi kwa miaka mingi, na mwaka huu nikahamia maji chumvi. Tangi langu ni la futi nne, lita 300 hivi. Nina samaki wa klauni watatu waliotoka Pwani yetu, wale wa kahawia iliyoiva wenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Mmoja ni mkubwa, wawili wanakaribiana. Mwezi wa kwanza walikaa vizuri. Sasa mmoja wa wale wawili mkia umechanika, anakaa juu kwenye kona nyuma ya hita na hashuki hata wakati wa chakula. Anayemkimbiza zaidi ni mwenzake wa kati, ingawa mkubwa naye humdonoa akipita karibu. Muuzaji ananiambia niongeze wengine wanne ili ugomvi usambae, kama tulivyozoea kufanya kwa samaki wa Malawi. Mke wangu anasema niuze yule mkubwa kwa sababu ndiye mbabe. Nilitaka pia kumtafutia samaki wangu wa buluu, yule kangaja, mwenzake, na kununua anemoni, yule mnyama wa minyiri ambaye klauni hukaa ndani yake, ili watulie. Nifanye nini?
Baba Neema, Donholm

JIBU

Baba Neema, usiongeze hata mmoja, na yule mkubwa usimuuze. Wa kuondoka ni huyo aliyejibanza nyuma ya hita, na ni heri aondoke leo. Samaki aliyeacha kushuka kula ameshashindwa. Ukimwacha hapo, kitakachomuua kinaweza kuwa jeraha, njaa au ugonjwa, lakini mwisho ni uleule.

Sasa sababu zake, kwa maana ukizishika hizo utajua pia la kufanya na kangaja.

Ushauri wa muuzaji si wa kubuni. Kwa mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Malawi, unafanya kazi, na wewe mwenyewe umeuona ukifanya kazi. Kila dume la mbuna linataka jiwe lake. Wakiwa wachache, mmoja anajimilikisha tangi zima na kuwamaliza wengine. Wakijazana, kila anayeanza kumfukuza mmoja anakatizwa na wengine watatu, na hasira yote inagawanyika vipande vidogo visivyoua mtu. Ni hali ya matatu ya jioni ikishajaa: kila mtu yuko begani mwa mwenzake na hakuna anayedai nafasi. Unaongeza chujio, unabadilisha maji kila wiki, maisha yanaendelea.

Klauni hagombei jiwe. Anagombea cheo, na cheo chenyewe kina nafasi mbili tu zenye faida.

Hao wako, kwa jinsi ulivyowaeleza, ni Amphiprion allardi, samaki wa miamba ya Afrika Mashariki kuanzia kwetu Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Wanaishi ndani ya anemoni. Ukitazama anemoni moja yenye familia kamili utakuta jike, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, na dume wake anayemfuata kwa ukubwa. Mara nyingine kuna wadogo ambao hawazai kabisa, wanangoja tu. Hakuna hata mmoja aliyeanguliwa akiwa jike. Jike akifa au akiliwa, dume wake hugeuka kuwa jike, na mkubwa kati ya waliokuwa wakingoja hupanda kuwa dume. Hans na Simone Fricke waliliandika jambo hili katika jarida la Nature mwaka 1977: anayetawala ndiye anayeamua nani atakuwa jinsia gani, na anaamua kwa kuwabana walio chini yake. Mwaka 2003 Peter Buston naye akachapisha kazi yake ya Papua New Guinea kuhusu klauni wa aina nyingine. Alionyesha kwamba wadogo hujizuia kukua ili wasimkaribie kwa ukubwa aliye mbele yao kwenye foleni. Akimkaribia, huonekana mpinzani, na mpinzani hufukuzwa. Baharini, klauni aliyefukuzwa kwenye anemoni hana pa kwenda, na kuna tewa na mkunga wengi wanaomsubiri nje.

Rudi kwenye barua yako. Umeandika "wawili wanakaribiana". Tatizo lenyewe ndilo hilo. Umewalisha vizuri wote watatu, wamekua wote, na ile tofauti ya ukubwa inayolinda amani haipo. Mkubwa ni jike, au yuko njiani kuwa jike. Wa kati ameshika nafasi ya dume. Wa tatu ana mwili unaolingana na wa yule dume lakini hana cheo. Jike hana shida kubwa naye. Humdonoa kumkumbusha tu. Mwenye cha kupoteza ni dume, na ndiye unayemwona akimfukuza toka asubuhi hadi taa zizimwe. Kwa klauni, vita vikali huwa kati ya wale wanaofuatana kwenye foleni, hasa wakitoshana.

Ule mwezi wa kwanza wa utulivu usikuchanganye. Samaki waliotoka kwenye mfuko wa plastiki baada ya safari kutoka Pwani huwa wamechoka, hawajui kona za tangi, na mara nyingi bado ni wachanga. Wanakaa pamoja kwa woga. Wakishazoea na kupata nguvu, foleni inaanza kupangwa.

Kuhusu Mama Neema: hakukosea kumwona mkubwa kuwa ndiye mwenye mamlaka. Lakini ukimwondoa, kiti cha jike kinabaki wazi, na wanaokigombea ni hawa wawili wanaotoshana, mmoja wao akiwa tayari ana jeraha. Inaweza kuisha vizuri. Nimewaona waliofanya hivyo na baada ya majuma kadhaa wakabaki na jozi nzuri. Lakini wakati wa kugombea kiti cha jike ndipo klauni hupigana bila huruma, na sioni kwa nini uvunje jozi ambayo tayari imekubaliana ili ujaribu nyingine. Una mke na mume tangini mwako. Toa wa tatu, nyumba itatulia.

Na kama ungemfuata muuzaji? Ungekuwa na klauni saba, kiti kimoja cha jike, kimoja cha dume, na watano wasio na pa kujificha ndani ya futi nne. Wapo wanaofuga klauni wengi pamoja, lakini huwaingiza wote siku moja wakiwa wadogo sana, wa kutoka kwenye kundi moja la vifaranga, katika tangi kubwa, na bado hukaa na wavu karibu. Wanne wapya hawawezi kutupwa juu ya jozi iliyokwisha kushika eneo lake. Wageni wanne watafika wakiwa wamechoka, na wenyeji wawili wako kwao.

Sasa kazi ya leo. Huyo aliye nyuma ya hita ni rahisi kumkamata kwa sababu yuko juu na hataki kushuka. Usitumie wavu ikiwa unaweza kuepuka. Uzi wa wavu huchana mapezi ambayo tayari yamechanika. Chukua kontena la plastiki linalopenyeza mwanga, lizamishe polepole mbele yake, na kwa mkono mwingine mwelekeze aingie. Fanya hivyo baada ya taa za tangi kuzimwa, ukiwa na tochi hafifu. Wenzake watakuwa wamelala sehemu yao ya kila usiku na hawatakusumbua.

Mahali pa kumweka: beseni safi la plastiki la lita 40 au 60 linatosha, ambalo halijawahi kuwekwa sabuni. Lijaze maji ya tangi lenyewe, si maji mapya. Weka hita, pampu ya hewa, kipande cha sponji kilichokaa kwenye chujio lako, na kiwiko cha bomba la PVC awe na pa kuingia. Beseni dogo hupoa haraka, na usiku wa Julai hapa Nairobi haumhurumii samaki wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo lifunike ukiacha upenyo wa hewa. Badilisha sehemu ya maji kila siku au kila baada ya siku moja, kwa sababu ndani ya chombo kidogo amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hupanda upesi kuliko unavyodhani. Kama huna beseni wala hita ya pili usiku huu, kata wavu mgumu wa plastiki utenge kona moja ya tangi, ufunge kwa zile kamba za plastiki za nyaya. Ataendelea kuwaona maadui zake, jambo linalomchosha, lakini hawatamfikia. Kwa siku mbili tatu inafaa.

Hewa nayo ina jambo lake hapa kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 yanayobeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita kule Pwani, hapa hubeba kama 5.5 tu hata yakiwa yamejaa. Samaki aliyetulia haoni tofauti kubwa. Samaki anayefukuzwa kutwa nzima anapumua kwa kasi kuliko kawaida, na akiba yake ni ndogo kuliko ya nduguye aliyebaki Shimoni kule Pwani. Ndiyo maana samaki anayeonewa katika matangi ya Nairobi hupanda juu na kukaa pale maji yanapovurugika: anatafuta usalama, na anatafuta hewa pia. Elekeza pampu moja ivuruge uso wa maji. Nunua pampu ya hewa ya betri kwa zile siku stima inapotea, kwa maana tangi lenye ugomvi haliwezi kuvumilia saa nyingi bila mzunguko.

Mkia uliochanika utaota tena ikiwa nyama ya shina lake haijaliwa. Maji safi na chakula kidogo mara kadhaa kwa siku ndiyo dawa kubwa. Cha kuchunguza ni vitu viwili. Ukiona vidoa vyeupe vilivyochomoza mwilini, huo ni ugonjwa wa vimelea ambao hupenda kumfuata samaki aliyedhoofishwa na mapigo, na usimwage dawa ya shaba kwenye tangi kubwa lenye kamba au matumbawe. Utawaua hao kwanza. Ukiona ngozi inatoa utelezi mweupe unaomenyuka na anapumua kwa kasi, huenda ni Brooklynella, ambayo huwapata sana klauni waliovuliwa baharini na huua kwa muda mfupi. Dawa yake ni formalini kwa kipimo, na kipimo hicho usikikisie, mtafute anayejua. Wengi hudhani ni majeraha ya vita, wakakaa wakingoja yapone.

Tugeukie wawili wanaobaki, kwa sababu najua utakaa mbele ya kioo ukihesabu kila mdonoo. Si kila kufukuzana ni vita. Keti kiti chako mita moja kutoka kwenye tangi, usisogee kwa dakika kumi, uwatazame wakati wa kula. Jike atamkaribia dume akiwa amenyoosha mapezi. Dume mwenye akili atageuka ubavu, ainamishe kichwa, kisha mwili wote utetemeke kwa sekunde moja au mbili, mtetemeko mfupi unaoanzia kichwani. Mgeni akiona hivyo hudhani samaki amepigwa na umeme wa hita. Huko ndiko kusema "nakutii". Jike akishaliona hilo, mara nyingi hugeuka na kwenda zake. Jozi inayofanya hivyo mara kadhaa kwa siku, na kulala sehemu moja usiku, iko salama.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni pale mtetemeko haumalizi ugomvi: mdogo ametii na mkubwa bado anang'ata, na anamfuata hadi upande wa pili wa tangi. Au mdogo hapati chakula. Au asubuhi unamkuta kila siku yuko kona ileile ya juu. Hapo tenganisha kwa wavu wiki moja au mbili waonane bila kugusana, kisha ondoa wavu jioni. Si lazima ukimbilie kuuza.

Sasa anemoni. Sababu yako ya kuitaka ni nzuri kwa moyo lakini itakuumiza. Klauni wasio na anemoni hugombana juu ya cheo. Ukiwapa anemoni, umewapa na shamba. Jike atalilinda, na mzunguko wake wa ulinzi katika tangi la futi nne ni karibu tangi lote. Allardi ni wakali kuliko klauni wadogo wa rangi ya machungwa wanaoletwa kutoka Asia, na jike aliyekomaa hufikia takriban sentimita 14. Akiwa na anemoni, atakung'ata mkono kila unapofuta kioo, na utashtuka hata kama haitoki damu. Zaidi ya hayo, anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa. Tangi la mwaka wake wa kwanza ni mapema. Kwa sasa jozi yako itachagua kona, jiwe au hata chungu ulichokilaza, na itaridhika.

Mradi tuko hapo: usiwaletee majirani klauni wa aina nyingine ukidhani hawatagombana kwa sababu hawafanani. Katika lita 300 jozi moja ya klauni inatosha, iwe ya aina gani.

Kangaja wa buluu ni kesi nyingine kabisa, na hapa jibu langu ni hapana, tena bila mjadala. Kangaja hagombei cheo cha uzazi ndani ya tangi lako, anagombea malisho. Kutwa nzima yeye hula mwani kwenye mawe, na yeyote mwenye mwili wa duara bapa na rangi kama yake ni mdomo wa pili kwenye shamba lilelile. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Nobel mwaka 1973, aliona muda mrefu uliopita kwamba samaki wa miamba wenye rangi kali huwashambulia zaidi wa aina yao wenyewe na kuwaacha majirani wasiofanana nao. Si kanuni ya samaki wote, lakini kangaja wa buluu ni kama aliisoma. Porini huonekana hata makundi yao wakilisha pamoja, na hilo huwadanganya watu. Kule ana mwamba mzima wa kukimbilia. Kwako ana sentimita 120.

Usidharau pia silaha yake. Pembeni mwa shina la mkia, kila upande, kuna mwiba mkali unaochomoza akipinda mwili. Anampita mwenzake sambamba, anatikisa mkia mara moja, na utaona mstari mwembamba mweupe ubavuni mwa aliyepigwa, kama mkwaruzo wa wembe. Ukimshika kwa wavu hata wewe utachanika kidole. Samaki huyu akitaka kuua, haimchukui siku nyingi.

Na kusema kweli, hata huyo mmoja lita 300 zitamshinda akikua. Mtafutie tangi la futi sita au mtu mwenye nalo. Wakati huo ukifika na ukataka kangaja wa pili, chagua wa umbo tofauti, mwenye mapezi marefu ya juu na chini, aingie wakati mmoja naye katika tangi jipya. Mgeni akiingia baadaye, bandika kioo cha kujitazamia kwa nje upande wa pili wa tangi kwa siku chache. Mwenyeji atamaliza hasira zake kwa picha yake mwenyewe huku mgeni akipata nafasi ya kula. Watu hucheka wakilisikia hili, wakalijaribu, wakanyamaza.

Wengine nitawapitia haraka, kwa sababu najua duka litakupendekezea wote. Kromisi wa kijani huuzwa kwa makundi ya watano au saba eti ni samaki wa kundi. Katika matangi mengi hupungua mmoja mmoja hadi anabaki mmoja. Domino, yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, ni mzuri akiwa saizi ya kucha, kisha anakua na kumpiga kila mtu bila kubagua. Kitatange mkubwa ana rangi moja utotoni na nyingine ukubwani, na inadhaniwa rangi ile ya utoto humkinga dhidi ya wakubwa wa aina yake. Lakini akibadilika rangi tangini mwako, ulinzi huo umekwisha. Anthia, samaki wadogo wa miamba, ndio pekee ningekushauri uwaweke zaidi ya mmoja: dume mmoja, majike kadhaa, kamwe si madume wawili. Kwao foleni inakwenda kinyume cha ile ya klauni. Dume akifa, jike mkubwa hugeuka kuwa dume. Wanataka kulishwa mara nyingi kwa siku, jambo ambalo mtu anayeondoka Donholm kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku hatalimudu bila mashine ya kulisha.

Siku utakapomwingiza samaki yeyote karibu na jozi yako, panga upya mawe mchana, mwingize jioni taa zikiwa zimezimwa, na umweke kwanza ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu kilichoning'inizwa tangini kwa siku kadhaa. Tupa chakula pande zote mbili za tangi kwa wakati mmoja ili mbabe asiweze kulinda sehemu zote. Kupanga mawe husaidia kwa kangaja na domino, ambao hukariri mipaka. Kwa klauni husaidia kidogo tu.

Amebaki yule wa beseni. Akipona, usimrudishe tangini hata kama unaona wenzake wametulia. Wametulia kwa sababu hayupo. Usimchukue kwenye gari la moshi la Mombasa ukamwachie baharini pia, ingawa alitoka huko. Samaki aliyekaa tangini hubeba vimelea alivyovipata kwa samaki wa nchi nyingine, na mwamba wa Diani si mahali pa kutupa ugonjwa. Mpe mfugaji mwenzako au mrudishe dukani wakubadilishie.

Au, ukiwa na nafasi ya tangi la pili la lita 100 na kuendelea, mbakize. Mpe muda anenepe, kisha mtafutie mwenzake mdogo sana, asiyezidi nusu ya urefu wake, na umchague yule mdogo kuliko wote dukani hata kama muuzaji anakuonyesha mkubwa mzuri zaidi. Usimpe klauni aliyekwisha kuwa jike, kwa sababu jike harudi kuwa dume na majike wawili hawakai pamoja. Akiwa na huyo mdogo, huyu anayejificha leo nyuma ya hita ndiye atakayekuwa jike wa nyumba, na ule mtetemeko utauona ukifanywa mbele yake.